Pipa Alilotuletea Johnson

Kagarama, Kicukiro,
Kigali.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Nahimana,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na watoto, na kwamba upepo wa Dodoma mwaka huu umewaachia macho. Goti lako limekubali kukunjika, au bado unasali umesimama? Na yule kitinda mimba, kikohozi kimemtoka? Sisi tu wazima. Mvua imeanza kunyesha juzi, vumbi limetulia, na mama mkwe wangu Pudentienne amenituma nikwambie kwamba hajakusahau.

Wanangu walitaka nikutumie sauti kwenye simu. Nimekataa. Mambo ninayotaka kukueleza ni marefu, na wewe huwa unasikiliza sauti ya mtu huku unakaanga vitunguu.

Sasa, ujumbe wako. Unasema ulinunua pipa la kuozeshea taka za jikoni ili upate mboji ya bustani. Wiki ya tatu likaanza kunuka, wiki ya nne likajaa nzi, na wewe, msomi wa ukoo wetu, ukamimina ndani chupa nzima ya dawa ya kusafishia choo. Nimeusoma mara mbili ili nihakikishe kwamba sikuelewa vibaya. Nahimana, ndani ya lile pipa kuna vijidudu na minyoo vinavyokufanyia kazi usiku na mchana bila kudai hata chai, nawe umeviua vyote kwa siku moja. Kutojua si kosa. Ninachokidharau, kwa upendo wote wa dada, ni kwamba uliziba pua ukamimina dawa kabla hujafunua na kutazama kilichomo.

Nasema hivyo kwa sababu nyumba hii nayo imekuwa na pipa, na pipa hilo limetufundisha adabu. Ngoja nikusimulie.

Unamkumbuka Johnson, mdogo wa marehemu mume wangu. Mtu huyu hawezi kukupa glasi ya maji bila hotuba. Alizaliwa ukimbizini Karagwe kama sisi, lakini aliposoma Kampala miaka minne alirudi amesahau kwamba mama yake alimlisha kwa jembe. Mwaka jana alimnunulia mama yake huyo, Mama mkwe wangu ninayekaa naye, meno ya bandia ya chini. Jambo jema, na tulimshukuru. Lakini alilitangaza kwenye harusi mbili na mazishi, na siku moja kanisani, wakati wa matangazo, alisimama akawaomba waumini waige mfano wake kwa wazazi wao. Mama aliinamisha kichwa akatazama mikono yake mpaka wimbo ulipoanza.

Basi Februari, Johnson alihudhuria semina ya siku mbili kuhusu taka, akapewa cheti. Jumamosi iliyofuata akaja na pipa jeusi la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, na karatasi yenye picha ya familia ya Wazungu wanaocheka huku wameshika maganda ya tufaha. Alituweka kwenye viti uani kama wanafunzi, akatuambia kuanzia siku hiyo hakuna taka katika nyumba hii, kuna malighafi. Mama alimuuliza majani makavu yatawekwa wapi. Akamjibu, "Mama, hii ni sayansi. Si mambo ya kijijini." Akaliweka pipa juu ya saruji, kwenye kona, kwa sababu hapo lingeonekana vizuri kwenye picha. Akapiga picha, akaondoka.

Mimi ni mwalimu, nakaa na watoto hamsini darasani, nilipaswa kujua kwamba jibu la namna ile ni la mtu asiyejua. Nilitii. Nikawa kila asubuhi namwaga ndoo ya jikoni: maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya chai, maparachichi yaliyooza. Nafunika juu juu bila kukaza, naenda kazini.

Aprili mvua ilipokolea, pipa likaanza kutoa harufu ya yai viza. Mwanzoni ukiwa karibu tu. Mwezi wa tano harufu ikaruka ua. Jirani yetu Conrad, mwanamume anayeosha gari lake kila siku na hajawahi kuosha kikombe, alipita langoni ameshika pua kwa vidole viwili, ili tumwone. Nikampigia Johnson. Akaniambia nisome karatasi. Nikaisoma. Karatasi ilisema mboji nzuri hainuki.

Kisha wakaja panya.

Mwishoni mwa mwezi huo huo, Johnson, ambaye alikuwa hajafunua lile pipa tangu alilete, alikuja na watu watatu wa kikundi cha mazingira cha kanisani kwake, wawaone watu walioelimika. Hakutupa taarifa. Aliwapanga kuzunguka pipa, akaeleza dakika kumi, akafunua. Panya mnene alikuwa ameketi juu ya malighafi. Akatutazama kidogo kabla ya kuondoka, bila haraka, kama mwenye nyumba. Mwanamke mmoja akageuka akatapika kwenye mchicha wa Mama.

Mama alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, anasikia kila neno. Johnson hakumtazama. Akawaambia wageni, "Mnisamehe. Mama yangu bado ana akili ya kijiji. Anatupa humo kila kitu."

Mama akanyanyuka, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango taratibu. Mwanamke aliyevuka mpaka kuingia Tanzania na watoto watano, akawalisha kwenye ardhi ya kuazima, akasemwa na mwanawe mbele ya wageni kwa ajili ya ndoo ya plastiki. Tangu siku ile hakukanyaga bustanini. Mchicha ukachanua maua, mbegu zikamwagika, yeye amekaa kitandani na rozari.

Nilimchukia Johnson kwa chuki safi kabisa. Niliamini kwamba kila kilichoharibika katika nyumba ile kilikuwa na jina moja. Hata nilipoona gauni la Mama la Jumapili linamning'inia mabegani, nilisema moyoni, ndiyo hayo, huzuni ya Johnson inamla.

Katikati ya Juni mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alikuja kwa adabu na habari kwamba Conrad ameshtaki. Pipa liwe limeondoka au limeacha kunuka kabla Julai haijaisha. Johnson nilipomwambia alisema litupwe, na kwa kuwa Mama hashughuliki tena na bustani, pale pangefaa kumwagwa saruji, apate pa kuegesha gari akija kututembelea. Hapo ndipo nilipovaa buti.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Tuliporudi kutoka kufyeka barabarani nilitandaza turubai uani, nikalilaza pipa, nikaanza kulitoa lote kwa koleo, tabaka kwa tabaka. Nilijifunga kitenge puani. Nilikuwa nakusanya ushahidi dhidi ya shemeji yangu, nakwambia kweli, na niliupata haraka. Chini pipa halikuwa na tundu hata moja. Maji yote ya mvua na ya maganda yalikuwa yamesimama humo, meusi. Hapakuwa na kitu kikavu, si jani, si karatasi. Mikungu mitupu ya ndizi ilikuwa mizima kama siku ilipoingia, kwa kuwa hakuna aliyetuambia tuikatekate. Hewa haikupita popote. Kile hakikuwa kinaoza, Nahimana, kilikuwa kinazama. Nikacheka peke yangu, nikapanga maneno nitakayomwambia.

Halafu nikaona wali.

Si punje mbili tatu za kukwanguliwa sufuriani. Wali wa sahani nzima, chini yake maharage, chini yake vipande vya nyama, chapati iliyokunjwa mara nne. Kila rundo lilikuwa limefunikwa na maganda kwa uangalifu, kama mtu anayefukia mbegu. Nikasema labda wanangu. Ndipo nikamkuta samaki. Jumatano ya wiki ile nilipitia Kabuga nikanunua samaki mmoja tu, mdogo, kwa ajili ya Mama, maana anapenda samaki. Nilimpika asubuhi nikamwachia kwenye hotipoti pamoja na ugali. Jioni nilikuta sahani imeoshwa, nikafurahi. Na sasa yule samaki alikuwa mbele yangu kwenye turubai, mzima, hajaguswa hata jicho.

Niliketi chini pale pale kwenye uchafu.

Kila siku nilikuwa namwachia Mama chakula cha mchana. Kila jioni hotipoti ilikuwa tupu. Usiku alikuwa anakunywa chai ya maziwa, anasema chakula cha mchana bado kimemjaa. Nami nikamwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi, na nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Nikanawa mikono, nikaingia chumbani kwake. Nikamwambia, "Mama, samaki wa Jumatano yuko nje."

Aliiweka rozari kitandani. Kisha akapeleka mkono chini ya mto, akatoa leso, akaifungua. Meno ya bandia, vipande viwili.

Yalivunjika wiki iliyofuata Pasaka, kwa mfupa wa kuku, mfupa laini ambao mtoto angeutafuna. Miezi miwili. Alikuwa anayaunganisha kwa ulimi watu wakija, ndiyo maana siku zile alikuwa hazungumzi sana. Chakula kigumu kilimshinda, na kukirudisha kwenye hotipoti kungemletea maswali, basi alikuwa anakibeba mpaka kwenye pipa, na hata alipoacha bustani aliendelea kwenda pale mara moja kwa siku, nikiwa kazini.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Johnson.

"Nikimwambia, atanunua mengine," alisema. "Halafu atanisimamisha tena kanisani. Bora njaa, mwanangu. Njaa naijua, haina maneno mengi."

Nikamuuliza, basi mimi je. Akanishika mkono, mkono uliokuwa bado unanuka.

"Wewe ungetaka kupigana naye. Nani angeniuliza kama nimekula?"

Sina la kukuficha. Alisema kweli. Nilikuwa nimeshughulika na kumdharau mtu mmoja hata nikashindwa kumwona mwingine anayepungua mbele ya macho yangu. Na kibaya zaidi, kinachoniuma hadi leo, ni kwamba yule mpuuzi alikuwa na nusu ya haki. Mama alikuwa anatupa humo kila kitu. Panya walikuja kwa ajili ya wali wake na samaki wake. Johnson aliona kweli, akaishia kwenye kejeli, hakuuliza sababu. Nami sikuona kabisa.

Jumatatu nilimpeleka Mama kliniki ya meno, mimi na yeye tu. Walichukua kipimo, wakamtengenezea mengine. Wakati tunasubiri nilimpikia isombe, kisamvu cha huku, laini, maharage ya kupondwa, parachichi, uji mzito, nikala naye mezani kila mlo niliokuwapo, na wa mchana nikamwomba mwanangu mkubwa ale naye. Kwa juma la kwanza alikula kama mtu aliyetoka safarini.

Sasa pipa, maana najua umekuwa ukiruka aya kulitafuta. Nilimwita Usumani, seremala wa Nyakabanda aliyetutengenezea vitanda. Aliligonga pipa kwa kidole. Akaniambia, "Mama, hii iko ndoo ya kulowekea nguo. Nani alikudanganya?" Akalitoboa chini na pembeni, matundu ya unene wa kidole, tukalitoa kwenye saruji tukaliweka juu ya matofali, penye udongo. Alituletea magunia mawili ya vumbi la mbao, akanionya nisichukue kwa seremala yeyote tu, kwa sababu mbao zilizopakwa dawa zinaua udongo.

Kila ndoo moja ya majimaji ya jikoni tuliichanganya na ndoo mbili za vikavu: lile vumbi, majani makavu ya mparachichi, maboksi yaliyochanwa vipande. Mikungu tuliikata kwa panga. Vyakula vilivyopikwa, nyama, samaki na mafuta tulivizika mbali, shimo refu, na havijarudi tena pipani. Kila tukimwaga maganda tunafunika kwa vikavu, nzi wasipate pa kutua. Mara moja kwa juma tunageuza yote, cha chini kije juu, hewa iingie. Siku ya nne harufu ilikuwa imekufa. Baada ya juma nilichomeka fimbo katikati, nikaiacha kidogo, nikaichomoa ikiwa moto. Mkuu wa mudugudu alipokuja mwisho wa Julai alinusa, akazunguka, akanusa tena, akaniuliza pipa liko wapi.

Mama alitoka mwenyewe kuja kutazama. Nilikuwa nabishana na mwanangu kama limekauka mno au la. Mama akaingiza mkono, akakamata konzi la ile mboji, akaliminya. Likatoka tone moja. "Hapo," alisema. Likitoka maji mengi, ongeza vikavu. Likivunjika kama mchanga, nyunyizia maji. Alikuwa anafanya hivyo kwenye shimo la mboji Karagwe kabla Johnson hajazaliwa, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Hilo lako lenye dawa ya choo, litupe lote, usilipeleke kwenye mboga. Osha pipa, lianike jua kali siku kadhaa, anza upya. Tafuta matundu, kama hakuna, toboa. Weka kivulini, maana jua lenu lingekausha hata mamba, na kwenu kazi kubwa itakuwa kunyunyizia maji. Ukiona sisimizi wamehamia, ujue limekauka. Likinuka, limelowa au halina hewa. Wakija panya, kuna mtu anatupa chakula kilichopikwa. Na huyo mtu muulize kwanza, kwa upole, kabla hujakasirika.

Sijamaliza habari ya Johnson.

Jumapili iliyopita alikuja baada ya ibada, simu mkononi, kupiga picha mboji iliyokwisha kuiva. Nyeusi, inavunjika vizuri, inanuka kama msitu baada ya mvua. Hata Conrad alishaomba ndoo, na nikampa ndogo. Johnson alitukuta mezani. Mama alikuwa anatafuna hindi la kuchoma. Shemeji akatabasamu, akaelekeza simu kwake, akaanza kusema kwa sauti ile ya kanisani kwamba hili ndilo tunda la elimu, na angalieni pia meno niliyomnunulia mama yangu yanavyofanya kazi.

Mama akaweka hindi kwenye sahani.

"Hayo yako yalivunjika Aprili," alisema. "Haya nimepelekwa kutengenezewa na Xavérine huyu hapa. Nilikaa na njaa miezi miwili, Johnson. Si kwa sababu ya mdomo wangu. Kwa sababu ya mdomo wako."

Hakupandisha sauti. Akachukua tena hindi lake.

Johnson alishusha simu. Nilimtazama usoni, nikitegemea kufurahi, maana nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa hamu. Akaitia mfukoni. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, nami nikasubiri kusikia gari likiwaka.

Halikuwaka. Nilipochungulia nilimkuta amevua saa na koti, amelishika koleo, anajaribu kugeuza lile rundo jipya. Anakoroga juu juu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Viatu vyake vya kanisani vimezama. Sijawahi kuona kazi mbaya kiasi kile, na dharau yangu kwake ingali hai, nisikudanganye, ina afya kuliko mimi. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na alipohisi nimesimama pale hakugeuka.

"Shemeji," aliniuliza, "inafanywaje?"

Miaka ishirini na sita nimekuwa katika familia hii, na hilo ndilo swali la kwanza kumsikia akiuliza. Nikamwambia aanzie pembeni, achome koleo mpaka chini, ainue. Akafanya. Nikamwambia tena, chini zaidi. Mama akatokea mlangoni na hindi lake, akasimama akitutazama, anatafuna.

Msalimie sana mumeo, na wanao mmoja mmoja. Msalimie Mama Mdogo akipiga simu kutoka Bukoba, mwambie namuombea mgongo wake. Wanangu Mutoni na Shyaka wanakuamkia. Mama Pudentienne anasema ukija Desemba usilete zawadi, lete mbegu za mlenda wa kwenu. Mungu awajalie mvua ya kiasi, na mezani kwenu asikose mtu wa kumtazama mwenzake akila.

Dada yako anayekupenda hata anapokusema,

Xavérine